Injini Ilivyonizimikia Juu ya Mtama wa Bahi

Wakulima walikuwa wametusubiri siku nne, sisi na ndege yetu ya kunyunyizia dawa. Kila jioni afisa kilimo alinipigia simu kuuliza kama leo tunaruka, na nyuma ya sauti yake nilisikia madebe yakigongwa. Watoto na mama zao walikuwa bado mashambani wanaamia ndege hadi giza linaingia. Ilikuwa Aprili, punje za mtama zikiwa bado laini, zina maziwa ndani, na kwelea kwelea, wale ndege wadogo wanaokula nafaka, walikuwa wamejaa kwenye matete ya mbuga ya Bahi, mkoani Dodoma, kwa wingi ambao ukiutazama kwa mbali unadhani ni moshi. Ndege mmoja hafiki gramu 20, na kwa siku anakula gramu 10 hivi za nafaka. Wakifika milioni moja ni tani 10 kila siku, na hizo zinatoka kwenye ghala la mtu ambaye hana shamba jingine. Nasema haya mapema ili ieleweke haraka tuliyokuwa nayo ilitoka wapi. Haikuwa haraka ya pesa.

Naandika kwa ajili ya marubani wachanga wanaoingia kwenye kazi ya kunyunyizia dawa. Lakini ningependa pia vijana wanaopakia dawa, maafisa kilimo na wenyeviti wa vijiji wasome, maana kosa langu lilianzia kwenye pipa la mafuta lililosimama chini ya mgunga, usiku mmoja kabla sijaruka.

Ndege yenyewe ni Piper Pawnee. Kiti kimoja, gurudumu la mkia, mwili wa mabomba ya chuma uliovikwa kitambaa, injini ya kabureta yenye nguvu farasi 235. Mbele kabisa iko injini, nyuma yake tangi la mafuta, kisha tangi la dawa, na nyuma ya vyote hivyo anakaa rubani, juu, kama mtu aliyepanda kichuguu. Nilikuwa nimeruka ndege za namna hiyo miaka tisa. Nilijua harufu ya kila kifuniko chake.

Kambi yetu ilikuwa kwenye kiwanja cha udongo, na mafuta yaliletwa kwa lori katika mapipa ya lita 200. Pipa moja tulilifungua, tukatumia nusu, tukaliacha limesimama wima. Usiku ikanyesha mvua, si kubwa, ile ya kumalizia msimu. Asubuhi nilipita pale na kikombe changu cha chai nikaona maji yametuama juu ya pipa, ndani ya ule ukingo wa chuma, yamefunika kifuniko kabisa. Nilichukua tambara nikayapangusa. Kifuniko kilikuwa kimekazwa. Nikaendelea na chai yangu.

Fundi wetu alinieleza baadaye, nikiwa kitandani, akichora kwenye bahasha ya picha ya eksirei. Mchana pipa linapata moto, hewa iliyo ndani inatanuka na kutoka kidogo kidogo kwenye nyuzi za kifuniko. Usiku pipa linapoa, hewa inasinyaa, pipa linavuta. Kama juu ya kifuniko kuna maji, linavuta maji. Kifuniko kukazwa kwa mkono hakuzuii. Na pipa lililo nusu ni baya kuliko lililojaa, kwa sababu hewa ya kutanuka na kusinyaa ni nyingi, na unyevu wa hewa hiyo nao unagandamana kwenye kuta za chuma kama jasho na kuchuruzika chini.

Kwa hiyo pipa lilazwe. Lilazwe chini ya kivuli, likingiwe na mawe lisiviringike, na vifuniko vyake viwili viwe usawa mmoja, kimoja kushoto na kimoja kulia, ili mafuta yavifunike kwa ndani na mvua isipate pa kutuama. Ukitaka kulitumia, lisimamishe saa moja au zaidi kabla, liegemeze kidogo kwa kipande cha mti ili maji yakusanyike upande mmoja, halafu bomba la pampu lisiguse chini. Acha vidole vinne vya mafuta usiyoyachota. Yanaonekana ni hasara. Sisi siku ile tulichota mpaka pampu ikaanza kuvuta hewa, kwa sababu lori la pili lilikuwa limekwama njiani na tuliona tusiache kitu. Kichujio cha ngozi laini kilikuwepo, kipo kwenye sanduku la vifaa, kimekauka na kupasuka pembeni. Tulipitisha mafuta kwenye faneli yenye wavu tu. Wavu unazuia majani. Maji yanapita.

Tulimaliza kujaza saa 11:50 jioni.

Hapa ndipo ninaporudi mara nyingi usiku. Nilipima mafuta. Sikuruka hatua hiyo, na mtu yeyote angeniuliza ningeapa kwamba nimepima. Kikombe chetu cha kupimia ni cha plastiki inayoangaza, ukubwa wa kikombe cha kahawa ya kijiweni. Niliinama, nikakisukuma kwenye valvu chini ya tangi, kikajaa, nikakiinua kuelekea mwanga. Kilichokuwemo kilikuwa safi. Hakuna uchafu, hakuna tone lililokaa chini, hakuna mstari. Nikamwaga.

Maji ni mazito kuliko mafuta, ndiyo maana tunafundishwa kutafuta mstari: maji chini, mafuta juu. Nilitafuta mstari na sikuuona. Leo naamini sikuuona kwa sababu kikombe kizima kilikuwa maji. Mafuta yetu ya ndege, yanayoitwa 100LL, yana rangi ya buluu iliyofifia, na mimi kikombe nilikielekeza kwenye jua la kuzama la Dodoma. Kwenye mwanga ule buluu haipo, kila kitu ni rangi ya chungwa. Nilikuwa nimekishika kwa dakika nzima kitu kilichokuwa kinaniambia nisiruke.

Siku hizi kikombe nakiweka mbele ya kitu cheupe: karatasi, shati, mgongo wa ndege wenyewe. Nakinusa. Halafu nachovya vidole viwili na kuvipepea. Mafuta yanapoza ngozi na kukauka kabla hujafika kuhesabu kumi. Maji yanabaki. Na sipimi mara tu baada ya kujaza, kwa sababu wakati huo maji bado yamo katikati ya mafuta kwa matone madogo madogo yanayoshuka taratibu. Nasubiri robo saa, napima, natikisa ncha za mabawa, napima tena. Kama kuna mtu pembeni anasema tunachelewa, namwomba ashike kikombe yeye.

Siku ile aliyesema tunachelewa alikuwa kijana wetu wa kupakia, kwa adabu zote. "Kapteni, wameshaanza kuingia." Nikatazama kusini, na kweli, utepe wa kwanza wa ndege ulikuwa unapinda juu ya matete.

Niliruka saa 12:15 nikiwa na lita 250 za dawa. Asiyejua kazi hii inabidi aelewe jambo moja. Dawa ya kwelea kwelea tunayotumia ni fenthioni, na haichanganywi na maji kama dawa ya mahindi. Inapulizwa ikiwa kali, kwa matone madogo sana, lita chache tu kwa hekta, jioni ndege wanaporudi kulala. Inashambulia mishipa ya fahamu, na kwa ndege wa aina zote ni sumu kali mno. Lita 250 za kitu hicho zinatosha eneo kubwa sana. Zikimwagika mahali pamoja ni msiba.

Nilikuwa mita 150 hivi kutoka ardhini, naelekea kusini, nikaona vitambaa vyeupe vya vijana wa ishara wanaotuelekeza kutoka chini. Nikainamisha pua kuanza kushuka. Injini ikakohoa mara moja, ikashika, ikakohoa tena, halafu ikaacha.

Fundi anasema ni ule mwinamo. Ndege ya gurudumu la mkia ikiwa chini imekaa pua juu, maji yanatulia nyuma ya tangi. Ikiinamisha pua yanakuja mbele. Sehemu ya maji hayo injini ilikuwa imeshainywa bila mimi kujua wakati wa kuruka, na nakumbuka kwamba ilitetemeka kidogo nikiacha ardhi, mtetemo mmoja tu kama gari likipita juu ya kamba. Nilidhani ni shimo la kiwanja. Mtetemo ule mmoja ulitosha kunirudisha chini, kiwanja kikiwa bado mbele yangu. Ukiusikia, rudi.

Watu huniuliza kama kulikuwa kimya. Hakukuwa kimya. Upepo unapiga mluzi kwenye mabomba ya kunyunyizia na propela inaendelea kuzunguka kwa upepo tu, bila nguvu, huku unaiona. Kinachoondoka ni ule mtetemo wa kwenye kiti. Ndege inakuwa nyepesi chini ya mapaja.

Na hapo nilifanya kosa la pili. Mikono yangu ilikimbilia injini. Nilisukuma throtoli, ule mpini wa kuongeza nguvu ya injini, nikavuta joto la kabureta, nikagusa swichi za magneto zinazotoa cheche za injini, nikarudi kwenye throtoli. Sekunde nne, labda tano. Wakati wote huo pua ilikuwa imebaki pale pale na mwendo unakwisha. Masikio yaliniambia kabla ya geji: mluzi wa upepo ulikuwa umepungua. Nikasukuma fimbo ya kuongozea ndege mbele kwa nguvu, kinyume na kila kitu mwili ulichotaka, maana mwili unaona ardhi inakuja na unataka kuvuta. Ukiwa chini vile, injini ikinyamaza, pua kwanza. Shuka nayo. Ndege yenye mwendo utaitua popote, hata vibaya. Ikikosa mwendo inaanguka yenyewe, kwa bawa moja, na kwa kimo kile hakuna mtu anayeinuka.

Wazo la kurudi kiwanjani lilikuja. Kiwanja kilikuwa zaidi ya kilomita sita nyuma yangu, na nilikuwa na chini ya mita 100. Hesabu hiyo mtoto wa shule anaijua, na bado shingo yangu iligeuka kutazama nyuma. Ilichukua sekunde nyingine.

Mbele palikuwa na majaruba ya mpunga, maji yanang'aa. Ndege yenye magurudumu ikiingia kwenye maji na tope inapinduka. Kulia matete. Kushoto kidogo shamba kubwa la mtama, na baada ya mtama njia ya vumbi iliyonyooka vizuri kabisa. Njia ile niliipenda mara moja. Kisha nikaona ng'ombe, na nyuma ya ng'ombe watu wawili, mmoja mdogo. Nikaiacha. Moshi wa jiko la mtu ulikuwa umelala kuelekea kulia kwangu, kwa hiyo upepo ulitoka kushoto. Nikageuza kushoto taratibu, bila kulaza bawa sana, nikaelekea kwenye mtama.

Halafu nikavuta mpini wa kumwaga dawa.

Tumefundishwa hivyo, na mafundisho ni sahihi. Zaidi ya kilo 200 zilizo mbele ya magoti yako zinaongeza mwendo wa kutua na kipigo cha mwisho. Nilichokuwa sijafundishwa, na sikuwahi kujiuliza kwa miaka tisa, ni kwamba mpini ule unapouvuta, chini yako kuna mahali. Nilijua mpini uko wapi gizani. Sikujua dawa itaangukia wapi. Niliona nyasi, njia za mbuzi, mti mmoja, na upande wa kulia kitu kinachong'aa ambacho sikukitazama mara mbili. Dawa ilitoka kwa sekunde chache. Ndege ikarukaruka juu kwa wepesi ule wa ghafla, nikaibana chini kwa fimbo. Kwa hiyo ukimwaga, kaa tayari, pua itainuka yenyewe.

Nilifunga mafuta, nikazima swichi zote, nikavuta flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa vya kupunguza mwendo. Komeo la mlango nilisahau. Vichwa vya mtama nilivihesabu kama ndio ardhi: nilianza kuiinua pua pale juu, si kwenye udongo, ili ikose mwendo ikiwa inagusa mabua. Mabua yalianza kupiga chini ya mabawa, kwanza moja moja, halafu yote. Kasi ilikuwa kama ya gari la abiria barabarani, chini ya kilomita 100 kwa saa. Magurudumu yakakuta tuta. La kushoto likang'oka. Ndege ikageuka upande, pua ikachimba, mkia ukapanda juu mpaka nikaona udongo tu mbele ya kioo, ukakaa pale kwa muda nisioweza kuupima, kisha ukarudi chini kwa kishindo. Kishindo hicho ndicho kilichoniumiza mgongo.

Baada ya hapo nilisikia punje za mtama zinadondoka juu ya kitambaa cha bawa, kama mvua ya rasharasha inayokaribia kukatika.

Pawnee ilichorwa miaka ya 1950 na Mmarekani Fred Weick, naye alifikiria hasa siku kama hiyo. Rubani amewekwa nyuma ya mizigo yote ili isije ikamponda, amekaa juu, na pua ndefu ya mabomba ya chuma inakunjika kabla nguvu haijamfikia. Niliona mabomba yale asubuhi moja baadaye, yamejikunja kama mguu wa panzi mpaka kwenye tangi la dawa. Kutoka kwenye kiti kwenda nyuma hakikupinda kitu. Mikanda ya mabega niliikaza kabla ya kuruka, na helmeti ilikuwa na mkwaruzo mrefu upande wa kushoto. Nawajua marubani wanaolegeza mikanda ya mabega kwa sababu ya joto. Ndugu zangu, vumilieni joto.

Watoto walifika kwanza. Watano au sita, wana manati shingoni, ndio wale waliokuwa wanaamia ndege. Nilikuwa nimeupiga mlango teke, nimejikokota kama hatua kumi, nimelala ubavu kwenye mtama kwa sababu miguu ilikuwa inakubali lakini kiuno hakikubali. Niliwapigia kelele wasiikaribie ndege. Mafuta yalikuwa yanavuja na mkono wangu wa kulia ulikuwa umerukiwa na dawa iliyobaki kwenye bomba. Nikaomba maji ya kuoshea.

Kijana mmoja, nadhani ana miaka 12, aliondoka mbio na debe lake, lile la kugongea ndege, limebonyea kote kwa fimbo. Alirudi limejaa, maji yanamwagikia kwenye magoti yake. Akapiga magoti kunimiminia. Nikamuuliza, umechota wapi? Akanyoosha kidole kule nilikotokea. "Lamboni, mjomba."

Kile kitu kilichokuwa kinang'aa.

Nilimshika mkono kwa nguvu mpaka akaogopa. Nikamwambia amwage pale pale, asiguse mdomo, asijifute usoni. Wawili niliwatuma wakimbie kwa mwenyekiti wa kijiji waseme neno moja tu: mtu yeyote asichote maji lamboni, na mifugo isipelekwe. Simu yangu haikuwa na mtandao. Timu yetu ya chini ilifika baada ya nusu saa na gari, na maji safi ya madumu, na sabuni. Tulimwosha yule kijana kabla yangu, mikono na miguu. Kaptura yake tuliichukua, dereva akampa shati lake.

Lambo lilikuwa mita 100 tu kutoka pale dawa ilipoangukia, na upepo uliipeleka huko. Usiku ule watu walizungushia miiba. Tone lililofika kwenye maji lilikuwa dogo kwa mujibu wa vipimo vilivyokuja baadaye, lakini kwenye nyasi dawa ilikuwa imekaa. Walikufa mbuzi wawili waliokuwa wamepita alfajiri kabla taarifa haijaenea, na kunguru, na korongo waliokuja kuokota panzi. Udongo wa juu ulichimbwa na kuondolewa. Kwa wiki tano kijiji kilinywa maji ya kuletwa na gari. Hakuna mtu aliyeugua. Hilo sitaacha kumshukuru Mungu kwalo.

Hospitali walikuta pingili moja ya kiuno imebonyea. Dereva wetu alikuwa amepiga picha lebo ya dawa kwa simu, na picha hiyo ilimsaidia daktari kuliko maelezo yangu yote. Alinitazama mboni za macho kama zimesinyaa, akauliza kuhusu mate, jasho, tumbo kukata, akaniweka chini ya uangalizi usiku kucha na atropini, dawa ya kuvunja sumu hiyo, ikiwa tayari pembeni. Sikuhitaji. Lakini kama unafanya kazi na dawa za kundi hilo, picha ya lebo iwe kwenye simu ya kila mmoja wenu, na ulizeni mapema hospitali gani ya karibu ina atropini ya kutosha. Sisi tuliuliza tukiwa tayari njiani.

Nilivaa mkanda mgumu wa mgongo wiki kumi. Mimi nalipwa kwa saa za kuruka, kwa hiyo wiki kumi hizo, na miezi minne ya kusubiri cheti cha afya na ukaguzi, sikuingiza kitu. Mke wangu aliuza friji ya biashara yake ya maziwa. Nililipa ada ya muhula mmoja ya mtoto kwa mkopo wa shemeji. Bima ya mwajiri ilihusu ndege na watu wengine. Mkataba wangu ulisema kidogo sana kuhusu mimi, na nilikuwa nimeusaini bila kuusoma ukurasa wa nne. Usome. Uliza: nikiumia nisiruke miezi sita, nalipwa nini? Jibu liandikwe.

Wachunguzi wa ajali za ndege walikuja kutoka wizarani. Nilikuwa na hofu nao, na kuna rafiki aliyenishauri niseme sikuona maji juu ya pipa. Niliwaambia yote, tambara, kikombe, jua. Walinisikiliza bila kunikaripia. Waliyakuta maji kwenye kabureta na chini ya tangi, na walifurahi kwamba hatukuwa tumesogeza hata bua kwenye eneo la ajali, isipokuwa kunitoa mimi. Propela iligonga ardhi, kwa hiyo injini ilibidi ifunguliwe yote. Ndege haikuruka tena.

Usiku ndio ulikuwa mgumu kuliko mgongo. Pikipiki ikizimika barabarani nje ya nyumba nilikuwa naamka nimekaa, mikono mbele, nasukuma fimbo ambayo haipo. Sikumwambia mtu miezi miwili. Nilipomwambia rubani mmoja mzee aliyenifundisha, alinyamaza, kisha akaniambia yake, ya miaka ishirini nyuma, ambayo hakuwahi kumsimulia mtu. Ningeomba sisi wa kazi hii tusisubiri miaka ishirini.

Mwenye shamba la mtama alikuwa mama mmoja mjane. Nilikwenda kumwona nikiwa bado na mkanda kiunoni, nimechukua basi la Singida na kushuka Bahi. Shamba lake lote lilikatazwa kuvunwa, kwa sababu ya mabaki ya dawa na mafuta. Fidia ilikuwa "inashughulikiwa", na ilishughulikiwa miezi kumi na moja. Alinikaribisha kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwa", akanipa kigoda, kisha akatazama ninavyokaa na akanitolea kiti cha mgongo.

"Pole mwanangu. Walisema umevunjika."

Nikamwambia, "Mama, nimekuja kuomba radhi. Mtama wako."

Hakusema haidhuru. Alikaa kimya akichambua kunde kwenye ungo. Halafu akasema, "Ndege wangekula nusu. Wewe umekula wote." Hakusema kwa hasira, alikuwa anahesabu. Kisha akaniuliza jambo ambalo wachunguzi hawakuniuliza: "Kabla hamjaja, kwa nini hamkutuuliza maji yetu yako wapi? Tungewaonyesha."

Sikuwa na jibu. Nililala nyumbani kwa mwenyekiti usiku ule, na asubuhi tukatembea wawili, polepole kwa sababu yangu, kutoka kiwanjani kuelekea mbugani. Alinionyesha lambo, kisima cha shule, njia ya ng'ombe, makaburi, mahali pa mizinga ya nyuki, na mahali pawili palipo wazi ambapo hakuna mtu wala maji, ambapo ndege ingeweza kutua na hata dawa ikimwagika ingechimbwa na kuondolewa. Palikuwapo siku zote. Mahali pamoja kati ya hapo palikuwa kushoto mwa njia yangu, mbele ya mtama, dakika moja kabla. Nilimpelekea mama magunia manne ya mahindi kwa awamu mbili, kwa mfuko wangu uliokuwa mtupu, na fidia yake ilipotoka nilikuwepo.

Sasa kabla ya kuruka eneo jipya natembea hivyo na mwenyeji, mtu wa pale pale, si ofisa wa mjini. Ramani yangu ina alama mbili kwa kila kipande cha njia: hapa naiweka ndege, hapa naiweka dawa. Nikivuka kijiji mzigo ukiwa umejaa, nazunguka hata kama ni lita kumi zaidi za mafuta. Timu ya chini ina nakala ya ramani hiyo, na madumu mawili ya maji safi hayaguswi kwa kazi nyingine.

Nilirudi kazini miezi minane baada ya ajali, kwenye ndege nyingine, wilaya nyingine, kwelea kwelea wale wale. Jioni ya pili tulijaza mafuta saa 11:30. Nikasubiri robo saa, nikapima, nikakiweka kikombe kwenye bawa jeupe. Chini kabisa kulikuwa na tone moja, dogo kama punje ya uwele, linateleza nikikiinamisha. Nikamwaga, nikapima tena. Likawepo tena. Afisa kilimo alikuwa amesimama na saa mkononi, na wakulima kama thelathini walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa kiwanja. Nikamwita nikampa kikombe, nikamwonyesha. Alikitazama muda mrefu.

"Kwa hiyo leo hapana," akasema.

"Leo hapana, mkuu."

Ndege walipita juu yetu kuelekea matete, utepe baada ya utepe, mpaka hatukuwaona tena kwa giza. Tulifungua valvu tukamwaga tangi lote kwenye pipa tupu, tukilichuja kwa ngozi mpya, taa ya simu mdomoni mwa fundi. Wakulima waliondoka bila kuaga. Kesho yake jioni tuliruka.